Karamu Isiyo na Mwenyeji



Kila mwaka, mwezi wa Desemba unapoingia, mji wetu wa Moshi hubadilika. Mabasi kutoka Dar es Salaam hujaa, barabara za kupanda Kibosho, Uru, Marangu na Rombo husongamana magari, na wana waliotawanyika nchi nzima hurudi kula Noeli kwa wazazi wao. Ni desturi njema, nasi hatuna neno juu yake. Lakini mwaka huu, pamoja na matayarisho ya sikukuu, tumeletewa swali ambalo tumeona haifai kulijibu mlangoni pa kanisa watu wakiwa wamesimama.

Vijana wanane wa parishi yetu, wengine wakaao hapa Njoro na wengine watakaokuja likizo, wamepanga matembezi ya tarehe 27 Desemba. Watakodi gari aina ya Noah. Wataanza hapa Njoro saa kumi jioni, waende Kaloleni, kisha Majengo, Pasua na Soweto, wamalizie Rau usiku. Ni sehemu sita, na kila sehemu ni baa au kilabu cha pombe. Kila mmoja atanunua raundi moja kwa ajili ya wote. Fulana za kuvaa siku hiyo zimekwisha agizwa. Mmoja wao alitujia akasema: "Shikamoo, mwalimu. Sisi si walevi. Tunafanya kazi, twalipa ahadi zetu kanisani, na jambo lenyewe ni la siku moja kwa mwaka. Wazee wengine wanatuambia ni dhambi. Tuonyeshe dhambi iko wapi, nasi tutaacha."

Swali limeulizwa kwa adabu, nalo lastahili jibu lililo bora kuliko kukunja uso.

Kwanza tuseme jambo ambalo hatutalijibu. Katika kanisa letu wamo wasiogusa pombe kabisa, na wamo wainywao kwa kiasi, na kila upande una mababa zake. Wengi wetu tulio Waanglikana hapa mjini tuna asili ya kwingine. Wamisionari wa CMS walifika Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1885, lakini waliondoka mwaka 1892 kwa sababu ya mambo ya Wajerumani, na kazi yao ikashikwa na Walutheri. Waliotoka Dodoma na Morogoro walilelewa na CMS, wakakuta mafundisho ya kuacha pombe. Na Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukayatia nguvu mafundisho hayo. Waliotoka Korogwe na Muheza walilelewa na UMCA, ambao hawakulifanya jambo la pombe kuwa mlango wa kanisa. Mabishano haya tumeyasikia tangu ujana wetu, na kama yangeweza kumalizwa kwa ukurasa mmoja wa gazeti la parishi, yangekuwa yamekwisha zamani. Kwa hiyo twaliacha. Asiyekunywa asidhani kwamba makala hii inamruhusu amhukumu mwenzake, wala anywaye asidhani kwamba tumemwandikia cheti.

Swali letu ni jingine. Tuchukue kwamba kunywa kwa kiasi si dhambi. Je, matembezi haya ni kunywa kwa kiasi tu, ila kwa sehemu sita? Au kuna kitu kinachobadilika watu wanapohama?

Wenye kutetea vinywaji hukimbilia Kana ya Galilaya, na vijana wetu hawakukosa kufanya hivyo. Ni kweli, Bwana wetu alikuwapo arusini, na divai ilipokwisha alifanya nyingine. Lakini tuisome sura ile ya pili ya Yohana polepole, tuangalie ni akina nani waliokuwapo. Alikuwapo bwana arusi. Walikuwapo watumishi. Na alikuwapo mtu aitwaye mkuu wa meza, ambaye ni nadra kuhubiriwa. Kazi ya mtu huyu ilikuwa kuangalia karamu inavyokwenda. Divai mpya ililetwa kwake kwanza, akaionja, akatambua kuwa ni njema kuliko ya mwanzo. Tuone basi: wakati ambao watu wamekwisha kunywa sana, yeye bado ulimi wake waweza kutofautisha divai na divai. Karamu ya Kana ilikuwa na mtu mwenye akili timamu aliyeijua tangu mwanzo hadi mwisho.

Wala hatuna haja ya kwenda Galilaya. Tupande tu mlimani. Sisi tusio Wachagga tumeishi miguuni pa mlima huu miaka mingi kiasi cha kujua mbege inavyotengenezwa. Ndizi mbivu huchemshwa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi hulowekwa hata ukaota, ukaanikwa, ukasagwa kuwa kimea, kisha ukapikwa uji. Maji ya ndizi na uji ule vikachanganywa, na baada ya usiku kupita pombe iko tayari. Wako watiao na gome la mti wa msesewe ili ipate uchungu. Ni kazi ya karibu juma zima, na kazi hiyo tangu zamani ni ya akina mama. Tena mbege haiwekeki. Ikipita siku mbili tatu imeharibika. Kwa sababu hiyo haiwezekani mtu kuipika na kuinywa peke yake. Yampasa awaite watu, na ili awaite yampasa awe na sababu: posa, arusi, mtoto, tanga, shughuli ya ukoo, au watu waliogombana ambao mmoja wao amepeleka jani la isale kuomba msamaha. Hata faini za wazee zilitozwa kwa mbege, na mdai na mdaiwa wakainywa pamoja.

Katika mambo hayo yote nyumba ina mwenyewe. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya watu, waone kwamba hakuna ubaya. Kata hupita kwa utaratibu, wazee wakitangulia. Na mwenye nyumba akiona kijana mmoja anaanza kupaza sauti, huwa na haki ya kumwambia, "Mwanangu, nenda ukalale." Kijana huenda. Pengine huenda akinung'unika, lakini huenda, kwa sababu yuko kwa mtu.

Hapa ndipo tulipolikuta jibu letu, au sehemu yake. Katika mpango wa vijana wetu kuna sehemu sita, lakini hakuna hata moja walipo kwa mtu. Mwenye baa atawakaribisha kwa maneno matamu, atawafutia meza, pengine atawaita wageni wake. Lakini yeye si mwenyeji, yeye ni muuzaji, na tofauti iko hapa: mgeni akizidiwa na pombe, mwenyeji huaibika, hali muuzaji hupata faida. Hatusemi hivi kwa kumtukana muuzaji. Ndiyo kazi yake, na kodi ya leseni amelipa. Twasema tu kwamba heshima ya mmoja na mapato ya mwingine huvuta pande mbili mbalimbali.

Na kule kuhama kwenyewe kunafanya jambo moja la ajabu, ambalo twadhani vijana hawakulifikiri. Mhudumu wa Njoro atamwona kijana akinywa chupa moja, amwone anaondoka salama. Mhudumu wa Kaloleni naye ataona moja. Wa Majengo mbili. Hakuna hata mmoja wao atakayeona nane. Hesabu nzima inabaki kichwani mwa mnywaji mwenyewe, na kichwa hicho ndicho kinachopunguzwa nguvu kadiri hesabu inavyokua. Mtu akikaa kilabu kimoja mtaani kwake, ambako mama muuzaji amjua kwa jina na amjua mkewe, huenda akaambiwa, "Baba Fulani, leo basi." Tumewasikia akina mama wakisema hivyo, wakapoteza fedha yao kwa kusema hivyo. Mpango huu wa sehemu sita umetengenezwa, bila kukusudia, ili pasiwe na mtu wa kumwambia Baba Fulani neno lile.

Tumetaja chupa nane. Tumezipataje? Ni hesabu ya darasa la pili. Watu ni wanane, na kila mmoja atanunua raundi kwa wote. Basi kila mmoja atakunywa chupa nane. Chupa ya bia ni nusu lita. Hizo ni lita nne kwa kila mtu. Sasa tuwaulize: ni nani aliyeamua kwamba lita nne zawafaa? Si kiu yao, wala mfuko wao, wala daktari. Kilichoamua ni idadi ya marafiki. Wangekuwa watano wangekunywa tano, wangekuwa kumi na wawili wangekunywa kumi na mbili. Kijana aliyetujia alipoisikia hesabu hii alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema hawakuwa wameipiga.

Raundi ina uso wa ukarimu, na mara nyingi ni ukarimu kweli. Mtu ambaye hajawahi kuwapa wenzake kinywaji wala chakula, sisi hatumsifu. Lakini zawadi ya kweli haimfungi mpokeaji. Ukiletewa chupa na watu saba, ukaondoka kabla hujanunua zamu yako, wewe ni mwizi machoni pao. Na ukinunua kwanza ukaondoka, umepoteza. Kwa hiyo wote hukaa. Mwenye mshahara mdogo hukaa, ingawa fedha ya raundi yake ilikuwa ya sare za mtoto mwezi wa Januari. Aliyetosheka hukaa, kwa kuwa chupa iliyofunguliwa mbele yake inamshuhudia kuwa anawadharau wenzake. Kata ya mbege haina ukali huo. Tumeona wazee wakiipokea kata, wakaigusa kwa midomo tu, wakaipitisha, na hakuna aliyehesabu.

Msidhani sisi ni watu wa kwanza kuliona hili. Waingereza wenyewe, katika Vita Kuu ya Kwanza, waliona wafanyakazi wa viwanda vya silaha wakishindwa kazi kwa sababu ya pombe. Mfalme George wa Tano aliiondoa pombe nyumbani mwake mwaka 1915 ili awe mfano. Na mwaka huo huo serikali ikatoa amri, London na sehemu nyingine, kwamba ni kosa mtu kumnunulia mwenzake kinywaji baani. Kila mtu ajinunulie chake! Ni amri ya ajabu, na baada ya vita iliondolewa. Lakini fikirini: serikali haikukataza pombe, ilikataza raundi, kwa sababu ilitambua kwamba watu wengi hawanywi kwa kupenda bali kwa kulipana. Nabii Habakuki, katika sura yake ya pili, anamwonya mtu ampaye jirani yake kileo ili amleweshe. Katika raundi ya watu wanane kila mmoja ni mtoaji na kila mmoja ni jirani, na onyo linazunguka meza pamoja na chupa.

Tukiwa bado kwa Waingereza, yafaa tuseme kwamba mpango huu vijana hawakuubuni wote wenyewe. Mmoja ana ndugu aliye Uingereza, aliyemsimulia mambo ya Brighton, mji wa pwani ulio kiasi cha saa moja kwa treni kutoka London. Huko makundi ya marafiki huja siku za mwisho wa juma, hasa mwenzao mmoja akikaribia kuoa, wakavaa fulana za namna moja, wakaandika orodha ya baa, wakapita moja baada ya nyingine mpaka usiku. Hatuna sababu ya kuwacheka, maana kuhama kilabu hata kwetu ni jambo la zamani. Ila tukiazima jambo la watu tuazime na yaliyo nyuma yake. Brighton baa zimekaribiana, watu hutembea kwa miguu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2003 inamfanya muuzaji kuwa na kosa akimwuzia kwa kujua mtu ambaye amekwisha lewa; maana yake sheria imejaribu kumlazimisha muuzaji awe mwenyeji kidogo. Twajua huko nako sheria haishikwi kila mara. Lakini kutoka Soweto hadi Rau usiku, miguu haitoshi. Kuna barabara kuu, kuna malori, kuna bodaboda zisizo na taa. Waganga wa KCMC wamechunguza majeruhi wanaoletwa kwao, na wameona mara kwa mara kwamba wengi wao walikuwa wamekunywa. Wengi wetu hatuhitaji uchunguzi; tumekaa katika viti vile tukingoja.

Mzee mmoja wa kanisa alisema kinachomwudhi zaidi ni ule mpango. "Mtu akianguka kwa bahati mbaya twamsamehe," alisema, "lakini kuketi chini na kuandika ulevi kwenye karatasi!" Naye alitaja Isaya sura ya tano, panapokemewa wanaoamka mapema kufuata kileo. Twamheshimu mzee wetu, lakini hapa tunapishana naye kidogo. Mbege yenyewe, kama tulivyoona, haipatikani pasipo kupanga juma zima. Kupanga si ubaya.

Katika chuo cha ualimu tulikuwa tukiwasomesha wanafunzi wetu habari ya Pittacus, mtawala wa mji wa Mytilene huko Uyunani katika karne ya sita kabla ya Kristo. Aliweka sheria kwamba mtu akitenda kosa akiwa amelewa, adhabu yake iwe kubwa kuliko ya mtu mwenye akili zake. Wanafunzi walishangaa kila mwaka. Je, mlevi si wa kuhurumiwa? Aristotle, alipoandika juu ya maadili, aliitaja adhabu maradufu ya namna hiyo na kueleza sababu: chanzo cha kosa kimo ndani ya mtu mwenyewe, kwani alikuwa na uwezo wa kutolewa. Basi, wakati wa kumwuliza mtu habari za ulevi wake si saa nne usiku, wakati hawezi kujibu. Ni mchana, wakati anaandika orodha. Karatasi ile inayomwudhi mzee wetu ndiyo mahali pekee ambapo akili timamu bado ina neno la kusema. Na Plato, katika kitabu chake cha mwisho juu ya sheria, hakusema karamu za vinywaji zifutwe. Alisema kila karamu iwe na kiongozi asiyelewa, kama vile jeshi lilivyo na jemadari asiye mwoga.

Kwa hiyo tuliiomba karatasi. Ilikuwa nzuri, imepigwa mistari. Ilikuwa na sehemu, saa, michango, na rangi ya fulana. Tuliuliza, "Dereva ni nani?" Wakajibu dereva ni wa kukodi, atakunywa soda. Tuliuliza ni nani aliyezungumza naye akakubali hivyo. Walitazamana.

Hata hivyo mmoja wao alitupa jibu ambalo hatuwezi kulipita. Alisema: "Mwalimu, sisi ni watu wazima. Ukimweka rafiki mmoja awe juu ya wenzake, awahesabie chupa, umewafanya watoto, tena umemharibia yeye siku yake. Rafiki si askari." Ana haki. Mtu mzima hapendi kulindwa, na kuna ulinzi ambao ni dharau tu. Lakini tumfikirie mwenyeji wa kweli jinsi alivyo. Yeye haamuru watu waache. Kazi yake kubwa ni kumpa ruhusa yule anayetaka kuacha, ili aache bila aibu. Miongoni mwa hao wanane yuko mmoja, hatumtaji, ambaye kwa sababu zake aliiacha pombe tangu Pasaka. Wenzake wanajua. Hawakumwacha nje ya mpango kwa kuwa wanampenda, na yeye hakukataa kwa kuwa anawapenda. Atakapofika Majengo na chupa ya nne ikawekwa mbele yake na rafiki aliyeinunua, ni nani atakayeiondoa mezani pasipo kelele? Kaini alijibu swali la ndugu yake kwa kuuliza swali, na kwa sababu hiyo twamkumbuka vibaya. Paulo naye, katika Warumi sura ya 14, hamwambii mwenye nguvu kwamba divai ni mbaya. Anamwambia aangalie ni nani aliyeketi karibu naye.

Yako na ya upande wetu wazee. Wako akina mama wa parishi hii wanaouza mbege, na ada za shule za watoto wao zimetoka katika pipa lile, na sadaka yao tumeipokea bila kuuliza. Kukemea mnywaji Jumapili na kuhesabu fedha ya muuzaji Jumatatu ni jambo ambalo baraza la kanisa litapaswa kulizungumza waziwazi, na si kwa makala ya mtu mmoja.

Vijana walirudi wiki iliyofuata. Sehemu sita wamezipunguza kuwa tatu, na zote ni upande huu wa mji ambako wanajulikana. Raundi wameiondoa, kila mtu atajilipia, na asiyetaka kuagiza asiulizwe. Dereva amepigiwa simu, amekubali, naye ametaka alipwe nusu kabla. Fulana zimebaki. Mwenyeji bado hawajampata: wamewaomba watatu kati yao, na kila mmoja amesema yuko radhi kufanya kazi hiyo mwaka kesho.